Kanga kwenye kitanda kitupu: uzoefu wangu na bwawa la hoteli Moshi, Desemba mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku mbili baada ya Krismasi ya 2023, nilisimama kando ya bwawa la kuogelea la hoteli moja hapa Moshi nikahesabu vitanda vya kulalia. Vilikuwa 24. Kati ya hivyo, 19 vilikuwa vimeshatandikwa taulo, kanga na vikoi. Kimoja kati ya hivyo 19 kiliwekewa kandambili ya mtoto, moja tu, katikati ya godoro. Watu tuliokuwepo hatukuzidi wanne: kijana wa bwawa akiopoa majani majini, mgeni mmoja aliyeonekana ametoka kushuka mlimani maana alitembea kama miguu si yake, mimi, na mama yangu.

Vitanda vitano vilivyobaki vilikuwa upande wa jua, karibu na chumba cha mashine ya maji. Anayeijua Moshi ya Desemba anajua jua la saa tano linavyochoma. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshauri atembee ndani ya maji nusu saa, apumzike amejinyoosha, kisha arudie. Nililipa 15,000 zake na 15,000 zangu mlangoni kwa ajili hiyo hasa: maji, na mahali pa kunyoosha miguu penye kivuli.

Nilimuuliza kijana wa bwawa wenye vitanda wako wapi. Akaniambia wamekuja alfajiri, wametandika, wamepanda Kibosho na Marangu, watarudi mchana. Wachaga mnaosoma hapa mnaielewa picha hiyo bila maelezo. Mwisho wa mwaka mji unajaa, kila ukoo uko nyumbani, asubuhi ni mtori na salamu za wazee kijijini, mchana watoto wanadai kuogelea. Sina ubaya na ratiba hiyo, mimi mwenyewe nimekulia humo. Lakini kitanda kilitandikwa saa kumi na mbili asubuhi na mwenye kukilalia alifika saa nane mchana. Saa nane nzima kanga ilipumzika kivulini, mama yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Nikamwambia yule kijana, basi toa hizo taulo uziweke kaunta. Jibu lake sijalisahau: "Dada, nikigusa taulo la mgeni halafu akasema kulikuwa na simu ndani yake, mwizi ni mimi."

Nilinyamaza. Alikuwa sahihi kabisa.

Saa tano nikaamua mwenyewe. Niliikunja kanga ya kitanda kimoja chini ya mwembe, nikaiweka vizuri pembeni, mama akalala. Hakumaliza nusu saa. Akaja dada mmoja, umri wangu tu, amevaa vizuri, sauti ya upole. "Shikamoo mama. Samahani, lakini hiki kitanda ni chetu tangu asubuhi." Mama aliitikia marahaba, akajishika goti, akainuka. Yule dada akaitandika upya kanga yake, akaondoka kwenda kuchukua wenzake getini. Walikuja baada ya saa nzima na ushei.

Nimeshawahi kutukanwa kwenye daladala na sikuumia kama siku ile. Shikamoo ilitolewa, heshima yote ya maneno ilikuwepo, na mtu mzima akaondolewa alipolala ili pakae kitambaa. Tulirudi nyumbani saa nane bila mama kuingia majini mara ya pili.

Nilifikiri sana kuhusu jambo hili wiki ile, maana sikutaka kuishia kumlaumu yule dada. Sisi wote tunawahi nafasi. Pale stendi, gari la Arusha likisogea, watu wanarusha begi dirishani kabla mlango haujafunguliwa, na aliyerusha anapewa siti yake bila ugomvi. Foleni ya maji ndiyo shule kubwa zaidi. Ndoo inapangwa alfajiri, mwenyewe anarudi kuwasha moto na kuwaandaa watoto shule, na jirani anaisogeza ndoo yake foleni ikienda. Hakuna anayeona ni dhuluma. Lakini ndoo ina sheria: zamu yake ikifika na mwenyewe hayupo, inarukwa. Bomba halisimami kumsubiri mtu. Kitanda cha bwawani kimekosa sehemu hiyo tu. Hakina zamu, kwa hiyo aliyekiwahi alfajiri amekiwahi mpaka jioni, na wageni wanaachiwa wagombane wenyewe kwa wenyewe.

Mtoto wa baba yangu mdogo ndiye aliyenifungua macho. Amefanya kazi mikataba miwili kwenye meli za kitalii zinazozunguka visiwa vya Caribbean, sehemu ya juu ya meli, kwenye mabwawa. Alicheka nilipoanza kumsimulia, halafu akakaa chini, akasema hilo ndilo lililokuwa linamtoa jasho kila siku ya kazi. Meli kubwa za siku hizi ni kama mji. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, ina mabwawa 7 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Hata vitanda viwe vingi namna gani, havitoshi wote wakivitaka kwa wakati mmoja. Siku meli ikitia nanga, watu wanashuka kutembea na vitanda vinabaki vitupu. Balaa ni siku ya baharini, isiyo na bandari, watu wote wako juu ya meli na jua limetoka. Alisema kuna abiria wanaoshuka vyumbani kwao gizani, wanatandika vitanda vinne vitano kwa vitabu na kofia, kisha wanarudi kulala, wanakwenda kunywa chai, wanakwenda kwenye michezo, na saa sita ndipo wanapanda.

Kampuni za meli zimeamua kulishughulikia zenyewe badala ya kuwaachia abiria. Carnival wanatumia dakika 40: mhudumu akiona kitanda kina vitu na hakina mtu, anakibandika karatasi yenye saa aliyokikuta. Dakika 40 zikipita na mtu hajaonekana, vitu vinakusanywa na kupelekwa kwenye kaunta ya taulo, kitanda kinakuwa huru. Royal Caribbean wao wanasema dakika 30. Taulo lenyewe linatolewa kwa kadi ya chumba na usiporudisha unalipia, kwa hiyo kila taulo lina jina la mtu nyuma yake.

Nilimuuliza kuhusu simu ndani ya taulo. Akasema ndiyo maana yeye hakuwahi kukusanya vitu peke yake. Walikuwa wanakwenda wawili, mmoja anashika mfuko na mwingine anaandika kilichomo, abiria wa kitanda cha jirani wanaona. Na kama abiria akija juu, mhudumu habishani, anaita mkubwa wake. Alisisitiza hilo la mwisho: sheria ipo kwenye meli nyingi, lakini inaposimamiwa na kijana mmoja asiye na mtu nyuma yake, anafumba macho, maana anahitaji bahashishi na anahitaji mkataba ujao. Abiria nao wakiona karatasi hazifuatiliwi, kesho yake wanatandika vitanda sita.

Niliyaandika haya yote kwenye barua ya kurasa mbili nikaipeleka mwenyewe kwa meneja wa hoteli ile, Januari. Sikuomba nirudishiwe hela. Nilimweleza habari ya mama, habari ya ndoo, na utaratibu wa meli. Alinisikiliza. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuuza vitanda, 10,000 kila kimoja kwa siku, anayelipa amepata. Nilimpinga pale pale. Uuzaji wa namna hiyo umeshajaribiwa Ulaya. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ya Uingereza mwaka 2018 ilianza kuwauzia wateja wake haki ya kuchagua kitanda mapema kwa euro 25 katika baadhi ya hoteli. Mwenye hela anapumua, lakini kitanda kilicholipiwa kinaweza kukaa kitupu siku nzima vilevile, tena sasa kwa risiti. Bibi mwenye magoti mabovu aliyelipa kiingilio chake mlangoni atabaki kwenye kiti cha plastiki.

Basi, Desemba 2024 nilirudi, tarehe zilezile, na mama. Hii ndiyo sehemu ninayotaka mnaopanga kwenda muisome vizuri.

Mlangoni sasa unapewa taulo la hoteli na kibati chenye namba. Unaacha 5,000 ya dhamana, unarudishiwa ukitoka. Kuna ubao umeandikwa kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake: kitanda kisicho na mtu kinawekewa kadi, baada ya dakika 40 vitu vinahamishiwa kaunta, muda wa chakula cha mchana ni saa moja. Wahudumu wa bwawa ni wawili. Mmoja anaangalia watoto majini na hafanyi kingine chochote, jambo ambalo pekee lingetosha kunirudisha pale. Mwingine anazunguka na kadi ngumu za njano na maka peni, na shingoni ana kitambulisho kilichoandikwa anafanya hivyo kwa niaba ya meneja. Hicho kitambulisho kinaonekana kitu kidogo, lakini nilimwona baba mmoja akimkaripia kwa ajili ya taulo zake, kijana akakionyesha na kusema, "Mzee wangu, utaratibu uko pale ubaoni, meneja yuko kaunta," na yule mzee akaenda kaunta badala ya kuendelea na kijana. Ni kijana yuleyule wa mwaka jana. Anatembea wima sasa.

Tulifika saa mbili na nusu. Vitanda vilivyotandikwa bila watu vilikuwa saba, vyote vina kadi. Hadi saa tatu na nusu vinne vilikuwa vimeachiwa. Mama alipata chini ya mwembe. Alitembea majini nusu saa, akalala, akarudi majini, akalala tena mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi hiyo Kibo ilikuwa wazi mpaka karibu saa nne kabla mawingu hayajaifunika, na akaniomba nimgeuzie kitanda aione.

Mchana tulikwenda kula mgahawani. Ndizi nyama zilichelewa sana (hilo hawajalirekebisha, agizeni mapema), na tukakaa saa moja na robo. Tuliporudi, kanga ya mama na pochi yangu ndogo ya losheni vilikuwa kaunta ndani ya mfuko wenye namba ya kibati chetu, na orodha imeandikwa: kanga 1, pochi 1, miwani 1. Kwenye kitanda chetu alikuwa amelala binti mmoja mjamzito. Nilitaka kusema neno kuhusu jiko lao lililotuchelewesha. Mama akanishika mkono, akamsalimia yule binti, akamuuliza una miezi mingapi, wakaanza maongezi yao. Kijana alitutafutia kitanda kingine kivulini baada ya dakika kama ishirini, na wakati wa kusubiri alimletea mama kiti chenye mto.

Yapo ya kulalamikia. Miavuli ni michache mno, na mwembe mmoja hauwezi kuwatosha watu wote. Wino wa kadi unafutika zikirushiwa maji, nimeona mbili zisizosomeka saa, na wenye taulo wakapata cha kubishia. Kiingilio kimepanda kutoka 15,000 hadi 18,000. Na sijui kwa nini wageni waliolala hotelini wanaruhusiwa kuacha vitu mpaka saa nne asubuhi bila kuwekewa kadi. Niliuliza nikaambiwa ndivyo mwenye hoteli alivyotaka. Kwenye barua yangu ya pili nimeliandika hilo.

Ukienda na mtu mzima au mjamzito, mwambie kijana wa kadi mapema, anayo ruhusa ya kuwapa kivuli kwanza. Beba kanga yako ya ziada, taulo lao moja halitoshi. Noti ndogo ya 5,000 iwe tayari mkononi, kwa sababu chenji mlangoni ni tabu asubuhi. Sisi tutarudi Januari watu wakishashuka Dar, siku ya kazi, mama amalize mazoezi yake kwa utulivu.