Uzoefu wangu: simu iliyoshika mtandao bondeni Soni

Ninaishi Soni, wilaya ya Lushoto, upande wa bondeni, chini ya barabara ile inayopanda kutoka Mombo. Kazi yangu ni kukusanya karoti, kabichi na njegere kwa wakulima wa milimani na kuzipakia kwenye lori la usiku kwenda Dar es Salaam. Kila kitu kinapangwa kwa simu. Dalali wa sokoni ananipa bei kwa simu, dereva ananiambia amefika wapi, na mkulima haachii gunia mpaka aone ujumbe wa pesa umeingia. Mtandao ukipotea nusu saa jioni, karoti zinalala. Karoti zilizokwisha kuoshwa zikilala, asubuhi bei yake ni nyingine.

Naandika kuhusu simu mbili, niliyoachana nayo Januari na niliyonayo sasa kwa mwezi wa tano. Majina ya kampuni zilizozitengeneza siyataji, na sababu yake ndiyo kiini cha maelezo haya. Simu ya jina moja, umbo moja na rangi moja hutengenezwa kwa matoleo kadhaa, kila toleo kwa nchi zake. Jina nililolisoma kwenye boksi halikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni ile namba ya toleo iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu".

Ya kwanza niliinunua Dar es Salaam kwa shilingi 280,000, iliyotumika ughaibuni, safi kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Mjini ilikuwa inakimbia. Nilipofika nayo nyumbani ikawa mtihani. Ndani ya nyumba haishiki kitu. Sebuleni unaona vijiti viwili, ukipiga inakata. Wateja wakanizoea kwa sauti moja tu: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Na mimi nipo, simu iko mkononi, inawaka.

Kwenye fremu ya dirisha la jikoni kuna msumari. Nyumba nyingi za huku bondeni zina msumari kama huo. Unaitia simu kwenye kifuko cha nailoni, unaitundika hapo, maana hapo ndipo mtandao unapopita. Ikiita unaikimbilia, na unaongea ukiwa umesimama pale pale, uso dirishani. Miezi minane nimefanya biashara nikiwa nimeegemea sinki.

Nilijaribu yote niliyoambiwa. Nilibadilisha laini, maana laini yangu ilikuwa ya zamani, na laini za zamani haziingii 4G hata simu iwe ya bei gani. Hilo lilisaidia kidogo. Nikaogopa simu ni feki, kama zile zilizozimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, Juni 2016, nikabonyeza *#06#, nikatuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090. Jibu likaja kwamba ni halali. Nikawa naiweka kwenye modi ya ndege na kuitoa, mara kumi kwa siku. Hiyo ilinifaa kuliko zote, na sasa najua kwa nini. Simu iliyokwisha kujishikiza kwenye mnara mmoja huendelea kuung'ang'ania, hata kama umekuwa dhaifu. Ukiizima redio yake, ile ya ndani inayowasiliana na minara, na kuiwasha, inaanza upya kutafuta minara yote na kujisajili kwenye ule unaosikika vizuri zaidi. Lakini mtu hawezi kuishi hivyo.

Aliyenifungua macho ni kijana fundi simu wa Lushoto mjini. Niliingia nikimwambia atazame antena, pengine imekatika. Akanisalimia, "Shikamoo mama," akaipokea, hakuifungua. Akaweka programu ya bure ya kupima mtandao, akanionyesha namba moja yenye alama ya kutoa mbele yake.

"Mama, vijiti hivi achana navyo. Kila kampuni inajipangia yenyewe vijiti viwili maana yake nini. Soma hii namba."

Namba ile ni nguvu ya mawimbi ya 4G yanayofika kwenye simu, kwa desibeli. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Ukiona -80, uko raha mstarehe. Kwenye -100 unafanya kazi zako. Ikifika -115 kwenda chini, simu inasikia mnara kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya korongo. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikipungua 10, nguvu imeshuka mara kumi.

Halafu akaniuliza, "Nyumbani ni bondeni?" Nikasema ndiyo. Akatafuta namba ya toleo la simu yangu mtandaoni, akasoma kwa kidole orodha ya bendi zake, yaani makundi ya masafa ambayo simu inaweza kuyapokea, akatikisa kichwa. "Hii haina bendi 28. Wala 20. Imetengenezwa kwa watu wa kwingine. Antena yako nzima, mama, ila haijui lugha inayosemwa huko kwenu."

Nimelielewa hivi, naomba nilieleze taratibu kwa sababu ndilo lililonila pesa. Minara ya 4G hairushi mawimbi ya aina moja. Bendi 3 iko kwenye megahezi 1800, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 17 hivi, haifiki shibiri. Bendi 28 iko kwenye megahezi 700, wimbi lake ni sentimita 43, karibu dhiraa moja. Wimbi fupi linabeba data nyingi mahali palipo wazi na penye minara ya karibu karibu kama mjini, lakini likikutana na mgongo wa mlima, ukuta wa tofali au miti iliyolowa mvua linachoka haraka. Wimbi refu linakwenda mbali zaidi, linapinda kidogo kwenye ukingo wa mlima na kushuka bondeni, na ukutani linapenya vizuri zaidi. Masafa hayo ya 700 yalikuwa kwenye kundi la masafa ya televisheni. Wanaokumbuka tulivyoanza kuhangaika na ving'amuzi, analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, basi moja ya faida ya zoezi lile ni hii, nafasi hewani ilipatikana kwa ajili ya simu. TCRA iliyapiga mnada mwaka 2018. Kwa hiyo mawimbi yanayotufaa yalikuwa yanapita juu ya bati langu kila siku, na simu niliyonunua haikuwa na sikio la kuyasikia.

Januari nikanunua ya pili. Safari hii sikuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Nilimwambia muuzaji anipe simu mpya iliyoingizwa kwa soko la huku, nikaangalia namba ya toleo, nikaitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji nikiwa bado dukani, nikahakikisha 28 imo. Muuzaji alinuna kidogo, akasema 4G ni 4G. Nikamwambia mwanangu, nivumilie, kuna simu ilishanitesa. Nililipa shilingi 340,000. Kioo chake ni kidogo kuliko cha ile ya kwanza na kamera ya usiku ni mbovu, hilo niliseme wazi.

Nyumbani nilizitundika zote mbili kwenye msumari ule ule, laini za kampuni moja, saa moja jioni. Ya zamani ilikuwa kwenye bendi 3, ikisoma -118. Mpya ikaingia bendi 28, ikasoma -101. Tofauti ni desibeli 17, yaani mpya ilikuwa inapokea nguvu karibu mara hamsini ya ile ya zamani, dirisha moja, dakika moja. Nikaiondoa pale, nikaenda nayo chumbani, nikafunga mlango. -109. Nikampigia mama mkwe kule Mombo nikiwa nimekaa kitandani. Tuliongea robo saa. Mara mbili aliniuliza niko wapi leo kulikotulia hivi.

Kwenye kupiga na kupokea kuna jambo jingine. Zipo simu za 4G zinazotumia 4G kwa intaneti tu, na simu ya sauti ikiingia zinalazimika kushuka kwenye 3G au 2G kuipokea. Mjini hushtukii, ni sekunde chache. Kwangu, katika kule kuhama ndipo simu nyingi zilipokuwa zinapotelea. Mpigaji anaambiwa sipatikani, na mimi sijui kama nimepigiwa. Simu mpya inaongea moja kwa moja juu ya 4G, kitu kinachoitwa VoLTE. Haikujiwasha yenyewe. Niliikuta kwenye mipangilio ya laini, nikaiwasha, neno likatokea juu kwenye kioo. Ujue pia kwamba kampuni ya laini nayo lazima iwe imeiruhusu simu ya toleo hilo, na ndiyo maana nyingi za kutoka nje zina VoLTE kwenye karatasi lakini hapa haifanyi kazi. Ile ya kwanza ilikuwa hivyo. Tangu niwashe, simu inaita kwa mpigaji karibu papo hapo, na nikiwa naongea na dalali naweza kupokea picha ya mzigo bila sauti kukatika.

Njiani nimeipima kwa kushuka na Hiace kutoka Soni hadi Mombo huku nikiongea. Barabara ile ni kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande huu, korongo upande ule, kila kona unabadilisha mlima unaokukinga na mnara. Simu ikiwa kwenye maongezi haikai bure. Inapima minara ya jirani kila wakati na kuupelekea taarifa mnara ulioishika, na mnara ndio unaoamua: sasa nenda kwa jirani. Uamuzi ukichelewa, au jirani naye akiwa haisikii, maongezi yanakatika. Ya zamani ilikuwa inakata mara tatu au nne kwenye safari hiyo. Mpya, safari sita nilizohesabu, imekata mara mbili, zote kwenye kipande kimoja chembamba baada ya maporomoko, na pale hata kondakta huwa anasema subiri tupite.

Chaji nayo imebadilika. Ya zamani ilikuwa inakufa saa kumi jioni, nikadhani betri imechoka. Kumbe simu iliyo mbali na mnara inapaza sauti, inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Hii mpya naichomoa alfajiri, na saa tatu usiku lori likiondoka bado ina asilimia ishirini na kitu.

Kasoro iliyobaki ni kwenye laini mbili. Ninaweka laini ya biashara na laini ya pesa, na nikiwa naongea kwenye moja, nyingine inakuwa haipatikani mpaka nimalize, kwa sababu redio ya ndani ni moja na zinapokezana. Kwa mtu wa wateja wengi hilo linauma. Laini ya pesa nimeihamishia kwenye kitochi cha shilingi 35,000 kinachokaa mfukoni mwa aproni, hakihitaji 4G kwa sababu menyu za pesa zinapita vizuri tu kwenye 2G, na chaji yake inafika siku nne.

Masika ya mwaka huu umeme ulikatika siku mbili na mnara wetu ukazimika. Simu ikahamia mnara wa mbali, upande wa Lushoto nadhani, ikasoma -121. Ujumbe mfupi ulipita, sauti ilikatikakatika, data hakuna. Niliichukua nikairudisha kwenye msumari wa jikoni. -114. Dereva akanipata mara ya tatu alipopiga, nikamwambia apite shule ya msingi, magunia kumi na manne yako tayari chini ya turubai.