Kibanda cha kuhamisha kanda na CD pale Mwanjelwa, kwa wanaosafiri nje ya nchi

Nianze na jibu kwa wenye haraka, kama unasafiri nje na unataka kubeba nyimbo zako, kanda za kwaya, video ya harusi na muvi ulizonunua mwenyewe, hiki kibanda cha nyuma ya soko la Mwanjelwa upande wa mafundi simu ndo pa kwenda hapa Mbeya. Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja iliyopungua ntaielezea huko chini.

Kwanza muelewe kazi yao maana watu wengi wanawachanganya na wale wa kuingiza muvi. Hawa hawauzi muvi zilizotafsiriwa wala hawakujazii flashi nyimbo za watu kwa buku. Unawapelekea vitu vyako, kaseti, kanda za video, CD, DVD, wao wanahamishia kwenye hadidiski au flashi, wanapanga kwenye mafolda, afu wanakurudishia orijino zako zote pamoja na karatasi yenye orodha ya kilichomo na kimetoka wapi. Nilikuwa naona hiyo karatasi ni mbwembwe tu mpaka nilipofika mpakani.

Mzigo wangu mkubwa ulikuwa kaseti za kwaya ya marehemu baba, zimekaa Tukuyu miaka na miaka na mvua ya kule mnaijua, ukungu ulishaingia kwenye utepe. Kijana alizifungua moja moja akasafisha, akapitisha spiriti kwenye kichwa cha deki, ndo akaanza kurekodi. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60 kuhamishwa kwa sababu lazima ichezwe yote mwanzo mpaka mwisho, hamna njia ya mkato, kwa hiyo ukikuta mtu anakwambia kaseti kumi nipe nusu saa chukua mfuko wako uondoke, huyo anaenda kukudownlodia vitu vingine vinavyofanana. Sauti ya baba kwenye besi imetoka vizuri kuliko nilivyotegemea, mama aliposikia alimshika yule kijana mkono akawa anarudia ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kijana naye anajibu asante mama, asante mama.

Kitu kingine kizuri, anakuuliza unaenda kuchezea wapi kabla hajagusa chochote. Flashi nyingi zinakuja kwenye mfumo wa kuhifadhi faili unaoitwa FAT32 na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, sasa video ya harusi ya masaa matatu ikitoka kwenye DVD kama faili moja safi inagoma kuingia, wengine wanaibana mpaka sura za watu zinakuwa miraba miraba. Huyu anaikata vipande au anabadilisha mfumo wa flashi, inategemea na tivii utakayokuta huko. Na DVD zenyewe zimegawanywa kwa namba za maeneo ya dunia na deki inacheza za eneo lake tu, sisi Tanzania na Zambia tuko namba 5, Uingereza ni 2, Marekani ni 1, ndo maana dada zetu wanabeba DVD orijino kutoka huku wanafika huko deki inakataa wanasema wameuziwa feki.

Sasa forodha. Safari yangu ilikuwa Lusaka kwa binamu kupitia Tunduma, na dada yangu akabeba kopi hiyohiyo kwenda Uingereza anakofanya kazi ya unesi, kwa hiyo tumeipima huduma yao njia zote mbili. Pale Tunduma na Nakonde tangu 2019 ni kituo kimoja cha pamoja, ukitoka huku kwetu unaenda kumalizia kila kitu Nakonde upande wa Zambia, watu wa nchi zote mbili wapo palepale. Afisa aliona hadidiski na CD zangu chache akauliza ni za biashara? Nikamwonesha ile karatasi, kwaya ya familia, harusi, CD za injili zenye stempu za TRA, wale wa mamlaka ya mapato, akaisoma akanirudishia akasema pita. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mfuko wa CD za albamu moja, zote zimechomwa nyumbani, ziko kwenye vinailoni, hazina jalada wala stempu. Alikuwa anajitetea kwamba ni zawadi za waumini na inawezekana kabisa anasema kweli, ila alisimamishwa muda mrefu sana na basi likawa linapiga honi.

Hapo ndo penye jambo lenyewe na ndo maana nakisifia hiki kibanda. Forodha hawana shida sana na wewe kuwa na kopi, shida yao ni kopi kufanana na bidhaa. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ule wa 1995, kifungu cha 60, unaziruhusu nchi kutohangaika na vitu vichache visivyo vya biashara kwenye mzigo binafsi wa msafiri, sasa vichache ni vingapi kila nchi inajua yenyewe, lakini albamu moja kopi thelathini hakuna afisa atakayekubali unaisikiliza peke yako. Zambia kazi za muziki na filamu zinazouzwa zinatakiwa ziwe na hologramu, kile kibandiko kinachong'aa cha kuonesha ni halali, kwetu stempu za TRA zimekuwepo tangu 2013, kwa hiyo CD nyingi zisizo na alama yoyote zinajitangaza zenyewe. Kijana wa kibanda analijua hili, nilisikia kwa masikio yangu kaka mmoja anamwomba amtolee kopi nyingi za DVD ya injili apeleke Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu, akamjibu kwa heshima kabisa, kaka hiyo siwezi, waone wenye kazi yao wakuuzie zenye stempu. Kaacha hela hapo na mi nimempenda kwa hilo.

Vilevile DVD orijino zenye kufuli, yaani ulinzi wa kuzuia zisikopiwe, hahamishi. Anakwambia beba diski yenyewe na jalada lake. Mwanzoni nilidhani ni uvivu ila yuko sahihi kwa msafiri, Marekani kulivunja kufuli la DVD ni kosa kwa sheria yao ya 1998 hata kama diski umeinunua kihalali, na Ujerumani kopi binafsi inaruhusiwa lakini kuvunja kufuli hapana. Kila nchi na mambo yake. Kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 inakuachia utoe kopi ya matumizi yako binafsi, Uingereza waliruhusu watu kuhamisha CD zao wenyewe mwezi wa kumi 2014, mwaka uliofuata mahakama ikaifuta hiyo ruhusa, kwa hiyo mpaka leo kisheria hata mzungu wa kule anayehamisha CD yake kwenda kwenye simu hajaruhusiwa. Dada alikuwa na wasiwasi kweli na habari hii, nikamwambia beba kaseti za baba na harusi yako, hivyo ni vya kwetu wenyewe, na zile CD za injili beba orijino zake, zinaingia mfuko wa pembeni tu. Alipita pale uwanja wa ndege hakuna aliyemuuliza kitu.

Ila Marekani msijiachie, maafisa wa mpakani kule wana mamlaka ya kufungua simu na laptopu yako. Hapa kwetu Afrika Mashariki nako sheria ya forodha ya 2004 inakataza kuingiza picha na video za ngono kwa namna yoyote, iwe kwenye DVD au kwenye flashi, kwa hiyo ile tabia ya kubeba hadidiski ya mshkaji mpelekee flani naomba muiache jamani. Humo ndani hujui kuna nini na ikifunguliwa mezani mwenye mzigo ni wewe. Kijana wa Mwanjelwa ukimpelekea hadidiski iliyotumika anaikagua virusi na kukuonesha yote yaliyomo, afu anakuuliza kama afute.

Kuna kibanda kingine hapa mjini sikitaji, rafiki yangu alipeleka video ya kitchen party yake, baada ya muda watu wakawa wanaiona kwenye simu zao. Iliniuma sana maana mle kuna mama zetu wanacheza wakiamini wako nyumbani. Hawa wa Mwanjelwa ukimaliza kukagua wanafuta kwenye kompyuta yao na wewe unaangalia, simama hapohapo mpaka afute na kwenye kapu la taka, hatakasirika.

Nyota niliyokata ni ya risiti na foleni. Risiti wanaandika kwa mkono, na msafiri anahitaji risiti ya maana ya hadidiski mpya ili akirudi asiulizwe kama kainunua nje alipe ushuru, mi ilibidi nirudi duka nililonunulia hadidiski nikaombe ya mashine. Foleni nayo ni balaa, deki ya kaseti wanayo moja tu, mwezi wa sita na wa saba wageni wa harusi wakijaa unaweza ukakaa wiki nzima hujapata vitu vyako, kwa hiyo usiende kesho unasafiri leo unapeleka kaseti. Na majina ya nyimbo yasome yote kabla hujalipa, zangu kadhaa ziliandikwa wimbo 01, wimbo 02, nikamwambia akarekebisha bila nongwa.

Bei kwangu ilikuwa elfu mbili kwa kaseti, buku kwa CD, elfu tano kwa kanda ya video, hadidiski unakuja nayo. Ukishuka kituo cha Kabwe unatembea tu, uliza mafundi simu watakuelekeza. Jumapili wanafungua watu wakishatoka kanisani.