Darubini ya milimita 70 niliyonunua Arusha: sahau picha za boksi, ilenge nyota pacha

Kama umetamani hizi darubini za boksi lenye picha ya Zohali na maandishi makubwa ya "mara 525", soma kwanza ndipo utoe hela. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kijenge, na hii yangu niliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika hapa hapa mjini. Kioo cha mbele kina upana wa milimita 70, fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 700. Ndani ya boksi kuna lenzi mbili za kutazamia, ya milimita 20 na ya milimita 4, kikuzaji cha mara tatu cha plastiki, na stendi ya aluminiamu. Kijana wa dukani akanihakikishia, "Mzee wangu, na hii unaona mpaka bendera ya Wamarekani kule mwezini." Hakuna darubini hapa duniani inayoiona bendera hiyo, nikamwambia, kwa hiyo aitoe kwenye bei. Alicheka, tukamalizana kwa laki mbili na nusu.

Hiyo 525 wameipataje? Wamegawa 700 ya fokasi kwa 4 ya lenzi ndogo, ikaja 175, wakazidisha kwa tatu ya kikuzaji. Hesabu haina kosa, ila picha yake ni uji. Kioo cha milimita 70 kikijikaza sana kinafika mara 140, zaidi ya hapo unakuza ukungu tu. Kikuzaji cha plastiki nimekiacha kwenye boksi. Lenzi ya milimita 4 ina tundu finyu, na sisi wa miwani inatutesa. Ya milimita 20 ndiyo lenzi: mara 35, picha imetulia, anga linaingia pana. Baadaye niliagiza ya milimita 10 kutoka Dar, ikaja na basi, inanipa mara 70. Kwa hizo mbili nimetosheka.

Sasa stendi. Hapa niacheni niseme kama fundi, maana aliyeiunda hakuwa fundi. Skrubu nyembamba, viungio vya plastiki, miguu inayopinda ukiinyoosha yote. Ukigusa kitufe cha fokasi, nyota inacheza mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Nilichukua mabaki ya mninga ya fremu za milango nikatengeneza miguu mingine, kichwa nikakikaza kwa bolti, katikati nikaning'iniza mfuko wa mchanga. Mtetemo umekwisha. Kama huna seremala jirani, usiivute ile miguu ya aluminiamu. Iache mifupi, wewe ukae kwenye kigoda.

Ina kazi gani basi? Galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) usizihesabu ukiwa mjini, taa za barabarani zimeshazimeza, labda umeme ukatike mtaa mzima. Mwezi ni mzuri, hilo halina ubishi. Lakini kitu ambacho boksi halikukitaja kabisa ndicho inachokifanya vizuri kuliko vyote: kutenganisha nyota pacha, yaani nyota mbili zilizokaribiana hadi kwa macho zinaonekana moja. Hizo hazijali taa wala mbalamwezi.

Anza na Alfa Centauri. Mwezi wa Juni, kama saa tatu usiku, mawingu ya baridi yakikuachia nafasi, upe Mlima Meru mgongo utazame kusini. Msalaba wa Kusini utauona umeanza kulalia kulia. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali. Ile ya kushoto zaidi, inayomshinda mwenzake kwa mwanga, ndiyo yenyewe. Kwa macho ni moja, na ni ya tatu kwa kung'aa usiku, nyuma ya Sirius na Canopus. Weka mara 70: zinakuwa mbili, zimekaa karibu karibu, moja ya manjano hafifu, nyingine ndogo kidogo yenye rangi ya chungwa. Kati yake unaona uwazi mweusi, mwembamba lakini wa wazi kabisa.

Usiku wa kwanza jirani yangu Mama Neema alikuja kuchungulia, akanyamaza, kisha akauliza, "Fundi, hiyo ya pili si kioo chako tu kinarudisha mwanga?" Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kuhusu kifaa hiki. Nikaigeuza darubini kwenda Arcturus, ile nyekundunyekundu iliyo juu. Ikaonekana moja. Tukarudi kusini, zikawa mbili tena. "Haya, nimekubali," akasema, akakaa kwenye kigoda changu na hakuondoka haraka.

Nyota hizo mbili zinazungukana kwa takriban miaka 80, nazo ziko umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Kwa mnunuzi, jambo la kujua ni kwamba nafasi kati yake haibaki ile ile. Mwaka 2016 zilibanana hadi sekunde za tao 4 (kipimo kidogo cha pembe, digrii moja ina 3,600), miaka hii zimeachana vizuri, na kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2030 zitabanana hadi chini ya 2. Hapo kioo kama changu kitagoma. Anayetaka kuziona kwa darubini ya bei hii asisubiri sana. Kuna na ya tatu, Proxima, aliyoigundua mwanaastronomia Robert Innes kule Johannesburg mwaka 1915. Ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, lakini ni hafifu mno. Muuzaji akikuahidi kuwa utaiona ukiwa Kijenge, mkumbushe bendera.

Acrux, nyota ya chini ya Msalaba, ni mtihani mgumu zaidi. Mbili zake zimeachana sekunde za tao 4 tu, zote nyeupe kuelekea bluu. Mara 35 haitoshi. Mara 70, hewa ikitulia, zinaachana kwa shida na unajisikia mshindi.

Kisha geuka kaskazini, upande wa mlima, juu kabisa ya kilele. Pale kwenye mkia wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa iko nyota Mizar, na pembeni yake Alcor. Neema, mtoto wa jirani yangu, anaziona mbili kwa macho matupu. Mimi bila miwani naona moja. Darubini inaonyesha tatu hata kwa mara 35, kwa sababu Mizar yenyewe inagawanyika. Wataalamu wamehesabu nyota sita hapo kwa jumla, ila zilizobaki zimebanana mno kwa kioo cha aina hii. Kwa mtoto anayeanza, mwonyeshe hiyo kwanza.

Mimi naipa tatu kati ya tano: mbili za kioo, moja ya lenzi ya milimita 20. Stendi na boksi hazijapata kitu. Ukienda kununua iliyotumika, beba tochi, angaza kioo cha mbele kwa ubavu utafute ukungu wa kuvu wenye nyuzinyuzi kama za buibui. Ukiuona, rudisha hela mfukoni hata kama amepunguza bei. Na ukitaka vipimo vya miguu ya mninga, pita karakana, sitozi.