Kula Nje na Watoto Wadogo Muscat: Mkahawa wa Kiomani au Ukumbi wa Vyakula Madukani

Kwa sisi tunaolea watoto wadogo Muscat, naona mkahawa wa Kiomani wenye vyumba vya familia unaushinda ukumbi wa vyakula wa kwenye maduka makubwa. Chumbani mnavua viatu, mnaketi zuliani mkizunguka sinia moja la wali na shuwa, yaani nyama ya viungo iliyookwa polepole shimoni, mama ananyonyesha bila kutazamwa, na mtoto anayetambaa hana kiti kirefu cha kumwangusha. Punje za wali zikimwagika, hukunjwa pamoja na sufra ya plastiki iliyotandikwa chini. Ukumbini kila mmoja huchagua chakula chake, nacho hufika upesi, lakini kelele na mwanga mkali humchosha mtoto kabla hajashiba. Asiyezoea viungo, hata hivyo, huko ndiko atakakokula.