Pre-form one ya mwanangu: kofia, kibanda na moyo, vyote "hati"

Nilimpeleka mwanangu pre-form one baada tu ya mtihani wa la saba, kituo kimoja huku kwetu Dar. Jina silitaji. Ada nililipa yote kwa mkupuo, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Joto na kubanana ningevumilia. Siku moja niliwahi kumfuata, nikasimama dirishani. Mwalimu kaandika ubaoni: hat, hut, heart. Anasoma, "Hati, hati, hati." Darasa zima linaitikia "Hatiii!" utadhani wanagombea nyumba ya urithi. Mwanangu akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, tutajuaje kama ni kofia au moyo?" Akajibiwa, "Wewe ulimi wako mzito, kakae nyuma." Wenzake wakaangua kicheko. Mtoto akabeba begi lake, akaenda.

Jamani! Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20. Ulimi mzito ni wetu sote, na yule mwalimu wa kwanza! Januari mtoto anaanza baiolojia kwa Kiingereza, akajifunze mapigo ya kofia?

Nikaingia ofisini. Dada wa mapokezi, simu sikioni, hata salamu hakuitikia: "Mama, ada hairudishwi." Nilikuwa sijataja ada!

Nilitaka niwape sifuri niondoke. Ila nisiwe mnafiki. Mwishoni mwishoni waliletewa kijana wa chuo, yupo fildi. Aliwaambia kila mmoja aje na kioo kidogo. Hat: shusha taya, midomo ivutike pembeni. Hut: mdomo nusu wazi, kata haraka. Heart: fungua kama unaangaliwa koo, kisha ivute. Basi. Siku mbili tu, mtoto akarudi nyumbani anaanza kunikagua mimi mama yake. Nikisema meli, ananiambia, "Mama, hiyo kondoo." Ship na sheep mpaka leo zinanishinda, na nimesoma hadi fomu foo.

Kwa hiyo nyota tatu, kwa ajili ya kijana. Hapana, mbili. Juzi nimekutana na mzazi mwenzangu kwenye daladala, kasema kijana kamaliza fildi yake karudi chuo, na bwana Hati kapewa madarasa yote mawili. Moja.