Programu ya kukokotoa kauri za umeme: nimeilipia, na dharau nikapewa bure

Sitarudia orodha ya uwezo wa programu hii, kwa kuwa tangazo lake limekwisha kuusifu kupita kiasi. Niliinunua hapa Tanga ili nichunguze kwa nini visahani vya kauri ya PZT (mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani unaogeuza umeme kuwa mtetemo), vilivyomo ndani ya mashine za kutafutia samaki ambazo wavuvi wa Sahare huniletea, hupasuka ukingoni, pale utando wa fedha unaopitisha umeme unapokoma.

Tangazo liliahidi kuonyesha kugeuka kwa domeni, yaani vijieneo vya ndani ya punje (fuwele ndogondogo zinazounda kauri) ambamo chaji zote zimeelekea upande mmoja, pamoja na uharibifu unaofuata. Nilipoelekeza uga mkali wa umeme kinyume cha chaji hizo, programu ilichora mstari mnyoofu, na nilipouondoa uga, ikairejesha kauri ilivyokuwa, pasipo alama yoyote. Kwa programu hii uga wa umeme ni mgeni wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Kauri halisi haisahau hivyo. Uga ukivuka kikomo, domeni hugeuka. Zinazogeuka nyuzi 180 hubadili upande wa chaji tu, lakini zinazogeuka nyuzi 90 hubadili na umbo, kwa sababu mhimili mmoja wa fuwele ni mrefu kuliko mwingine, katika bariamu titaneti, kauri nyingine ya jamii hii, kwa takriban asilimia 1. Kiasi hicho ni kikubwa kwa kitu kisichonyumbulika. Punje jirani zikiuzuia mgeuko, mkazo hujikusanya mipakani na nyufa huanzia huko. Ndiyo maana kigezo walichokitoa watafiti Hwang, Lynch na McMeeking mwaka 1995 hujumlisha kazi ya umeme na kazi ya mkazo kabla ya kuamua kama domeni igeuke. Nikaiwasha sehemu ya kugeuza domeni, ambayo hulipiwa peke yake, nikakuta inahesabu umeme tu. Mkazo haumo! Sasa ufa utatabiriwa kwa kutumia nini?

Nilimpigia simu wakala wao aliyeko Dar es Salaam, nikamweleza haya kwa utaratibu. Alinikatiza: "Dada, kwani huko Tanga mnatengeneza nini cha kuhitaji hesabu hizo?" Kisha akaniambia nisome mwongozo, akakata simu. Mwongozo nilikuwa nimeufungua mbele yangu.

Kwa haki, chini ya kikomo cha kugeuza, majibu yake yanakubaliana vizuri na masafa ya mtetemo ninayoyapima kwenye visahani vizima, na gridi, yaani wavu wa vipande vidogo unaogawa umbo ili likokotolewe, huisuka kwa ustadi hata kwenye kona finyu ya ukingo. Nilikuwa tayari kuipa nyota tatu. Lakini anayetafuta masafa peke yake hana sababu ya kulipia sehemu ya uharibifu, nami nililipia uharibifu. Kwa hiyo nyota ni moja, na hiyo ni ya gridi.

Leseni yangu inakaribia kuisha. Nilikusudia kuandika kwamba sitailipia tena, ila sijapata nyingine ya bei hii inayosuka gridi namna ile. Wakiongeza mkazo kwenye kigezo chao nitalipa, ikiwa atakayepokea simu si bwana yule.