Kupima kelele za usiku Mombasa kwa simu: NIOSH Sound Level Meter

Malalamiko ya kelele yakifika ofisini bila tarakimu wala saa, hubaki kuwa neno la jirani dhidi ya neno la mwenye baa. NIOSH Sound Level Meter inaweza kuziba pengo hilo, kwa kiasi chake. Ni programu ya simu iliyotolewa 2017 na NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini. Ni ya bure, haina matangazo, na inaingia kwenye iPhone na iPad pekee. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanda na karakana, si kwa mkaaji wa Majengo anayekosa usingizi kwa sababu ya ukumbi wa harusi, kwa hivyo lazima ujue utumie nini na uache nini.

Ukiifungua, tarakimu inayorukaruka ni sauti ya papo hapo. Hiyo haina kazi kubwa. Ya kuandika ni LAeq, wastani wa nguvu ya sauti tangu ulipobonyeza kuanza, pamoja na kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Sehemu ya dozi, yaani jumla ya kelele ambayo sikio limepokea, ni ya wafanyakazi: taasisi hiyo inashauri mtu asipite desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kondakta wa matatu yenye spika kubwa aitazame hiyo kwa makini. Anayepima baa ya jirani aipuuze.

Wastani huu haugawanywi kama wastani wa bei za sokoni, na hapa ndipo wengi hupotea. Desibeli hupanda kwa vizidisho. Ukipima dakika moja ya kichochoro kilichotulia kwenye 50, kisha tuktuk ikapiga honi ya sekunde 3 kwa 85, LAeq ya dakika nzima inakuwa kama 72. Honi hiyo hiyo ndani ya dakika 10 inaacha wastani wa 62 hivi, na bado imeharibu kipimo. Kwa hiyo pima dakika 10 hadi 15, na honi, mbwa au pikipiki ikipita karibu, simamisha na uanze upya. Subiri pia adhana ya Isha imalizike, la sivyo utakuwa umeipima pamoja na spika za baa.

Matayarisho ni machache, ila ukiruka moja tu namba zote zinaharibika. Vua kava ya simu. Angalia matundu ya maikrofoni chini ya simu: kwa jasho, vumbi na hewa ya chumvi ya Pwani huziba upesi, na tundu lililoziba husoma chini ya ukweli. Safisha kwa brashi laini iliyokauka, usichomeke pini. Tenganisha vifaa vya masikioni vya bluetooth, maana simu inaweza kusikiliza kupitia hivyo. Weka hali ya ndege ili simu isiingie katikati ya kipimo. Ishike kwa kimo cha kifua, mkono umenyooka, maikrofoni ikielekea kelele bila vidole kuifunika. Ukisimama mita moja kutoka ukutani, mwangwi unaweza kuongeza desibeli 3 hivi. Mji wa Kale huwezi kuukwepa ukuta, basi andika umbali wako na urudie pale pale kila mara.

Upepo ni adui mkubwa zaidi. Kusi ikivuma kwenye roshani za Nyali, simu inasoma mvumo wa hewa juu ya maikrofoni na kuuita kelele, hata muziki ukiwa umezimwa. Maikrofoni ya nje yenye kofia ya sponji hupunguza tatizo. Bila hiyo, pimia ndani dirisha likiwa wazi, feni ikiwa imezimwa, na uandike kwamba ni kipimo cha ndani.

Sasa sheria. Kanuni za Kenya za kelele na mitetemo za 2009 zinaruhusu eneo la makazi desibeli 50 nje na 45 ndani mchana, na 35 usiku. Eneo la biashara ni 60 mchana, na usiku ni 35 vile vile. Usiku unaanza saa 2:01 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ugumu ni kwamba maikrofoni ya simu ina mvumo wake wenyewe, na chini ya 35 hadi 40 haitofautishi ukimya na mvumo huo. Yaani programu haiwezi kukuthibitishia 35. Hata hivyo, baa iliyokufanya ufunge madirisha kwenye joto la Januari haiko kwenye 36.

Cha kutafuta ni tofauti. Pima muziki ukipigwa, kisha pima mahali pale pale ukiwa umezimwa. Tofauti ikifika 10, karibu sauti yote ni ya baa. Ikiwa 5, toa kama 2 kwenye kipimo cha kwanza ili upate sauti ya baa peke yake. Ikiwa 3, baa na mtaa vinalingana, nawe toa 3. Chini ya hapo usimshitaki mtu kwa namba hiyo.

Besi ndiyo inayotikisa vitanda, na ndiyo programu huificha usipobadilisha mpangilio. Kipimo cha A hufuata sikio la binadamu, na kwenye mtetemo wa hezi 63 hukata desibeli 26. Ngoma ya spika za chini inaweza kugonga kifua huku skrini ikionyesha namba ya upole. Ingia kwenye mipangilio, badilisha kutoka A kwenda C, kipimo ambacho hakikati besi sana, upime tena papo hapo. C ikizidi A kwa 15 au 20, tatizo ni besi, na kufunga dirisha hakusaidii sana. Mwenye ukumbi aambiwe apunguze besi hasa, si sauti kwa jumla. Ombi la namna hiyo mara nyingi hukubaliwa upesi, kwa kuwa wageni wake bado watausikia wimbo.

Taasisi inadai usahihi wa desibeli 2 juu au chini, na huo ni usahihi mzuri kwa kitu cha bure. Ukitaka kuutegemea, nunua maikrofoni ya nje na uirekebishe kwa kifaa cha kalibresheni kinachotoa 94 kwenye hezi 1,000.

Kwa wenye Android, ambao ndio wengi mjini, habari si nzuri. Watafiti wa taasisi hiyo hiyo walichunguza programu 192 na kuchapisha matokeo 2014: za Android zilizojaribiwa hazikufikia vigezo, kwa sababu programu moja ilitoa namba tofauti kwenye simu tofauti. Tumia simu ya Android kulinganisha muziki ukiwepo na usipokuwepo tu, kwa simu ile ile. Azima iPhone kwa ajili ya namba yenyewe.

Ripoti unaweza kuihifadhi na kuituma pamoja na mahali ulipopimia. Kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, au kaunti haichukui nafasi ya mita iliyopimwa rasmi, lakini inawaambia maofisa waje siku gani na saa ngapi. Kanuni pia hutazama kama kelele inajirudia, iko karibu kiasi gani na makazi, na kama inaweza kudhibitiwa bila gharama kubwa. Ambatisha basi jedwali la wiki kadhaa: tarehe, saa, mahali uliposimama, A, C, kipimo muziki ukiwa umezimwa, na upepo ulikuwaje.